Mpenda Theluji Anapozeeka

Wako watu duniani waipendao baridi kama wengine wapendavyo manukato. Hawaivumilii tu, bali huingojea. Upepo ukigeuka kuwa wa kaskazini hutoka nje, wakatazama mawingu, wakasoma kipimajoto, wakatia khabari katika daftari. Na theluji ikianguka, kwao ni siku ya Idi. Watu wa tabia hii kwetu pwani nao wapo, ila wao wana mengine ya kutazama: yuko mzee ahesabuye miongo tangu Nairuzi asikosee hata siku moja, na yuko nahodha ajuaye kuwa kusi imekaribia kabla jani la mnazi halijatikisika. Wa nchi za baridi wameandika vitabu. Viwili katika hivyo, na kimoja cha ndugu yetu Mwislamu aliyepita huku kwetu, ndivyo nitakavyo kuvipima hapa kwa swali moja: mtu aliyeipenda baridi ujanani, umri ukisonga, ile ladha huenda wapi?

Jawabu la barazani ni jepesi: huisha. Kijana hucheza na mzee huota moto, yamekwisha. Vitabu hivi havisemi hivyo, na mimi naona vina haki, ijapokuwa kila kimoja kina upungufu wake.

Cha kwanza ni cha Wilson Bentley, mkulima na mfuga ng'ombe wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1865. Mama yake, aliyepata kuwa mwalimu, ndiye aliyemsomesha nyumbani, na ndiye aliyempa hadubini kuukuu. Kijana akaiweka theluji chini ya kioo, akaona alichokiona, akawa hatulii tena. Kwanza alijaribu kuchora, lakini kipande cha theluji hakimngoji mchoraji, huyeyuka. Basi akaiunga kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, hajatimiza miaka ishirini, akaipata picha ya kwanza. Hakuacha tena. Alipiga picha zaidi ya 5,000, na mwaka 1931 kikatoka kitabu chake, Snow Crystals, chenye zaidi ya picha 2,000, maelezo yakiandikwa na W. J. Humphreys wa idara ya hali ya hewa ya Marekani. Mwenye picha alikuwa na miaka 66.

Ndugu msomaji, ifikiri kazi yenyewe. Banda halina moto wala haliwezi kuwa nao, kwani penye joto hapana theluji. Mtu anasimama na ubao mweusi, anavikinga vipande vinavyoanguka, anavitazama, anakichagua kimoja, anakihamishia juu ya kioo na kukilaza taratibu kwa unyoya, na wakati wote huo anazuia pumzi, maana pumzi yake peke yake yatosha kukiharibu. Na hiyo ni nchi ambayo usiku wa nyuzi 20 chini ya sufuri si jambo la ajabu. Kufanya hivyo ukiwa na miaka 19 ni kitu kimoja. Kufanya hivyo ukiwa na miaka 60 na kitu, ni kitu kingine kabisa.

Sasa kifungue kitabu. Utakuta safu kwa safu za nyota nyeupe zenye pembe sita juu ya weusi, kila moja na nakshi yake, mpaka mtu aseme Subhana Llah bila ya kujua kuwa amesema. Weusi ule si wa asili. Bentley alikuwa akiikwangua dawa ya kioo cha picha kuzunguka kila kipande ili kitokeze, na Gustav Hellmann, bingwa wa hali ya hewa wa Ujerumani, alimlaumu kwa hilo. Tena alivichagua vilivyo vizuri na vilivyo kamili, akaviacha vilivyovunjika, hali vilivyovunjika ndivyo vilivyo vingi. Lawama hizi ni za haki, lakini mimi sizioni kubwa. Mtu akichagua lulu hatumuulizi kwa nini hakutuletea makombe.

Upungufu unaonishughulisha ni mwengine. Katika kitabu kizima hamna baridi. Hamna mkono uliokufa ganzi, hamna pua inayotoka maji, hamna mwaka. Picha zimepangwa kwa sura zao, wala huwezi kujua ipi ilipigwa na kijana na ipi ilipigwa na mzee. Kwa miaka 46 mtu huyu alizeeka mbele ya kioo kimoja, na kitabu hakikuonyesha hata mvi moja. Wako watakaosema kuwa huo ndio utukufu wake, kuwa nafsi yake imetoweka na imebaki sanaa ya Muumba peke yake. Nakubali nusu. Nusu nyengine ni kuwa msomaji anatoka na dhana kuwa mapenzi ya baridi hayana gharama na hayajui umri; na dhana hiyo maisha ya Bentley mwenyewe yanaikanusha. Mwezi wa Disemba mwaka ule ule 1931 alirudi nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji, mwendo upatao maili sita, akashikwa na homa ya mapafu, na tarehe 23 akafariki. Kitabu chake kilikuwa hakijatimiza hata miezi miwili. Katika daftari lake la hali ya hewa, maneno ya mwisho, ya mapema mwezi huo, ni ya upepo baridi wa kaskazini na theluji inayopeperuka.

Simhukumu; mambo yake yako kwa Mola wake. Wala sisemi kuwa theluji ilimuua, kwani ajali ni ajali. Nasema kuwa ladha ile haikumwisha. Ilibaki kama ilivyokuwa, na mwili ndio uliobadilika chini yake. Hili ndilo la kutia khofu katika habari ya wapenda baridi, wala si kuwa uzee unawanyang'anya furaha yao. Mara nyengine uzee unawaachia furaha nzima, ukawachukulia nguvu ya kuibeba.

Cha pili ni cha Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, aliyezaliwa 1720 na kufa 1793. Kitabu chake cha barua juu ya viumbe na majira ya kijijini kwake kilitoka mwishoni mwa 1788, na hakijaacha kuchapishwa mpaka leo. Yeye hakuwa na hadubini. Alikuwa na kipimajoto na macho. Zimo humo barua za baridi kuu alizoziona: ya 1768 alipokuwa na miaka 47, ya 1776 alipokuwa na miaka 55, na ya 1784 alipokuwa na miaka 64. Mtu akizisoma mfululizo, ataona jambo ambalo White mwenyewe labda hakukusudia kulionyesha.

Katika baridi ya 1776 alisafiri kwenda London mwezi wa Januari, njia zimefunikwa, na akaikuta mji mkuu umefunikwa na theluji hata magurudumu hayasikiki. Kimya kile kilimtia wahaka. Aliona kama mji uliohamwa. Lakini bado ni msafiri, bado mwili wake unatoka kwenda kuikuta baridi ilipo. Ikifika Disemba 1784 hasafiri tena. Baridi inamkuta nyumbani, naye anaipokea kwa vipimajoto viwili. Zebaki ikashuka mpaka chini ya sufuri ya Fahrenheit, ambayo ni kiasi cha nyuzi 18 chini ya sufuri kwa hesabu yetu. Hapo likatokea jambo lililomshangaza: kijiji cha Newton kilicho juu ya kilima, ambacho kila mtu angedhani kuwa ndicho chenye baridi zaidi, kipimajoto chake kilisoma joto zaidi kuliko cha Selborne bondeni, tena si kwa nyuzi mbili tatu. Kwanza akavishuku vyombo. Vikawekwa pamoja, vikaenda sawasawa. Basi ikawa ni kweli: usiku mkavu usio na upepo, hewa baridi kwa kuwa ni nzito huteremka na kujaa bondeni kama maji, na aliye juu husalimika. Miti ya bondeni iliungua kwa jalidi na ya kilimani ikapona. Elimu hii leo kila mtabiri wa hali ya hewa anaijua. Mzee yule aliipata kwa kuikesha baridi ambayo kijana angeikimbilia nje kuichezea na kurudi bila ya kujua kitu.

Na liko jengine katika barua hiyo ambalo ndilo lililonifanya nimpe White daraja ya juu kuliko Bentley kwa swali letu. Baada ya hesabu zote, anakumbuka watu. Anawataja wawili waliokuwa wakifuata nyayo za sungura thelujini, miguu yao ikagandishwa. Na wawili wengine, ambao anaona walikuwa katika kazi bora kuliko ile, waliokuwa wakipura nafaka ghalani, vidole vyao vikafa kwa baridi na wakakaa wiki nyingi hawajapona. Kipimajoto cha mzee kimeanza kusoma mikono ya watu. Huu ndio mgeuko wa ladha ninaousema: baridi ileile, furaha ileile ya kuitazama, lakini imeingia ndani yake habari ya jirani.

Upungufu wa White ni kuwa khabari hiyo ameitia mkiani, kama aliyekumbuka akiwa keshafunga barua, na akaitia pamoja na paka wake. (Paka huyo ana kisa chake: siku zile mbili za baridi kali manyoya yake yalijaa umeme, hata White akasema kuwa mtu angempapasa, mshtuko ungeweza kupita kwa duara zima la watu. Wapenda paka watafurahi.) Mpuraji aliyekufa vidole hakustahili kuja baada ya kipimajoto, wala katika safu moja na paka. Lakini amekuja, na katika kitabu cha Bentley hakuja mtu.

Wa tatu ni Ibn Battuta, ambaye watu wa pwani hawahitaji kujulishwa, kwani mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Miaka michache baadaye alikuwa katika nyika za Waturuki kaskazini ya Bahari Nyeusi, katika majira ya baridi. Anasimulia kuwa alivaa majoho matatu ya manyoya na suruali mbili, hata akashindwa kupanda farasi mpaka wenziwe wamnyanyue. Akitawadha kwa maji ya moto karibu na moto, maji hutelemka ndevuni yakaganda, akizitikisa huanguka kama theluji. Kila asomaye hucheka, na nafikiri hata mwandishi wake alicheka. Lakini tuangalie miaka. Yaliyomkuta yalimkuta akiwa na miaka 30 hivi, na kuyasimulia aliyasimulia Fas mnamo 1355, amepita hamsini, yuko kwao, kazi imebaki kwa kalamu ya Ibn Juzayy. Starehe yake basi si ya baridi, ni ya baridi iliyokwisha kupita. Hiyo nayo ni ladha ya uzeeni, tena tamu, ila mtu asiidhanie kuwa ni ushujaa. Wazee wengi hujisifu mbele ya wajukuu kwa baridi ambayo wakati wake waliililia.

Nimeitaja tohara, na hapa ndipo mambo ya vitabu yanapoingia majumbani mwetu. Iko fikra kwa baadhi ya wazee wetu kuwa thawabu imo katika ubaridi wa maji wenyewe: kadiri yanavyouma ndivyo udhu unavyokubaliwa. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) ametaja fadhila ya kuutimiza udhu katika hali ya uzito. Lakini kuutimiza katika uzito uliokukuta si sawa na kuutafuta uzito. Al-Izz bin Abdis-Salam amelibainisha hili: taabu haikusudiwi kwa ajili ya taabu. Na kwetu sisi Mashafii imo katika vitabu tunavyovisomesha vijana kuwa ni makruhu kujitwahirisha kwa maji yaliyozidi mno ubaridi, kama ilivyo makruhu kwa yaliyozidi mno umoto. Mwenye birika na asiyetaka kuipasha, anafanya la makruhu akidhani amezidisha. Akikosa cha kupashia na akakhofia madhara, hutayamamu, naye kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ataikidhi Sala. Amri bin al-As (R.A.) katika msafara wa Dhat as-Salasil, mwaka wa nane wa Hijra, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akakhofia kuhiliki, akatayamamu na akawasalisha wenziwe, alipoulizwa na Mtume (S.A.W.) akajibu kwa Aya inayokataza watu kujiua, na Mtume akacheka.

Wala Masahaba hawakujifanya kuwa baridi haiwaumi. Usiku wa Khandaki Mtume (S.A.W.) aliuliza nani atakwenda kuleta khabari za maadui, akauliza tena na tena, na hapana aliyesimama, mpaka alipomtaja Hudhayfa (R.A.) kwa jina. Hudhayfa ndiye msimulizi wa kisa hiki, wala hakuficha. Alikwenda, na kwa baraka za Mtume akawa kama aliye katika hamamu, alipokwisha kazi na kurudi, baridi ikamrudia, na Mtume (S.A.W.) akamfunika kwa sehemu ya joho alilokuwa akisalia, akalala mpaka asubuhi. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim, nami nakiona kuwa ndicho kisa cha baridi kilicho bora kuliko vyote nilivyovitaja, kwani kinaishia kwa mtu kumfunika mwenziwe.

Tumesema kuwa mwili hubadilika. Waganga wanatueleza namna yake, na ni vyema kuijua kwa sababu watu wanaijua nusu. Hiyo nusu inayojulikana ni kuwa mzee husikia baridi upesi: nyama zinazotia mwili joto zimepungua na ngozi imekuwa nyembamba. Nusu isiyojulikana ni kinyume chake. Mishipa ya ngozi ya mzee haijifungi vyema kuzuia joto lisitoke, kutetemeka kwake ni hafifu, na hisia yake ya baridi huenda imefifia. Hasa akiwa na sukari miguu yake haimpi khabari. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 ni khatari ya mauti, na aliyefika hapo huenda akasema hana neno. Baridi pia huipandisha presha na kuuelemea moyo. Kwa hiyo babu anaposema, mimi baridi naipenda wala siisikii, mwanawe asijibu, mashallah babu bado kijana. Na amshike mikono.

Hili si la watu wa Vermont peke yao. Ziko familia zetu London, Leicester na Toronto ambazo zimewaleta wazee wao kutoka Unguja, Mombasa na Lamu. Wajukuu wakiamka na kukuta kumeanguka theluji hupiga kelele za furaha. Bibi naye siku ya kwanza hutoka mlangoni, akaishika, akacheka. Ni neema hiyo, asikatazwe. Lakini wako wazee wanaozima kile chombo cha joto mchana watoto wakiwa kazini, kwa kuona haya ya gharama, wakakaa na shuka. Mtoto arudipo jioni huwasha na huona nyumba ina joto. Kuuliza, mama mchana umewasha, hakutoshi, kwani atasema ndiyo. Na huku kwetu pwani usiku wa kipupwe haushuki sana, yapata nyuzi 20, kijana huufurahia baada ya joto la kaskazi. Kumbe chumba cha uani kuna mzee anayengoja kuche.

Si yote ni hasara. Iko kauli mashuhuri, ambayo wanazuoni wamezungumza juu ya isnadi yake, kuwa majira ya baridi ni machipuko ya muumini: usiku mrefu husimama kwa ibada na mchana mfupi hufunga. Ibn Rajab ameieleza kwa urefu na uzuri. Angalia jinsi inavyomfaa mzee. Usingizi wake ni mchache, na usiku wa Disemba kule London ni wa saa 16. Kaamka kabla ya wote, hana pa kwenda, nyumba imenyamaza. Mchana wake Magharibi huingia kabla ya saa kumi, na kufunga ni jambo la saa kumi hivi. Mwenye deni la saumu hana majira bora kuliko hayo, ikiwa mwili wake unaruhusu. Kijana apendaye theluji hupewa mchana wa kuchezea. Mzee amepewa usiku, na sioni kuwa amepunjwa, ilimradi chumba kina joto na maji yake yamepashwa.

Nikiulizwa basi ni kitabu kipi cha kununua, nitasema cha Bentley apewe kijana wa skuli, ayatazame maumbo yale na ajifunze subira ya mtu mmoja juu ya jambo moja. Akikipenda, ajue kuwa Mjapani Ukichiro Nakaya, aliyevutwa na picha hizi, ndiye aliyeweza mwaka 1936 kuiotesha theluji chumbani juu ya unywele wa sungura, na kubainisha kuwa sura ya kila kipande yatokana na kiasi cha baridi na unyevu kilipoumbwa. Yaani kile ambacho kitabu cha Bentley kilikinyamazia. Cha White asomewe mzee, naye aliyekijua Kiingereza amfasirie. Aanze na barua ile ya baridi ya 1784, asiwaruke wapuraji, na paka wamsome mwisho.